Mbuzi wa Ukerewe Akisomwa Ngaremara

Aliyezoea tarbia hulitambua shairi kwa macho kabla hajalisoma. Mishororo ni minne kwa kila ubeti na mizani ni 16, nane za ukwapi na nane za utao. Kina cha kati kimewekwa sawasawa chini ya kina cha kati, cha mwisho chini ya cha mwisho. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, macho hayo yalikosa pa kushika. Mishororo haikulingana, vina havikuwapo, na sentensi iliyoanzia mshororo huu iliweza kukatika katikati ya ule. Ugomvi uliofuata, ambao vitabu vyetu vya shule vinauita mgogoro wa ushairi, haukuisha upesi. Jumanne Mayoka alikuwa bado anauandikia kitabu mwaka 1986, na Ibrahim Noor Shariff akatoa Tungo Zetu mwaka 1988.

Ugomvi huo umesimuliwa mno, na kusema kweli umeanza kunichosha. Husimuliwa kama mechi ya mpira: wanamapokeo goli hili, wanamabadiliko goli lile, kila mwandishi na jezi yake, na Kezilahabi ndiye nahodha wa timu ya pili hadi filimbi ya mwisho. Tatizo ni kwamba mtu huyo hakukaa mahali pamoja. Kati ya Kichomi na Dhifa, diwani yake ya tatu iliyotoka mwaka 2008, ilipita miaka 34. Fikra zake kuhusu kilichorithiwa na kilichobuniwa zilihama zaidi ya mara moja, na kuhama huko kunaonekana katika umbo la tungo zake vizuri zaidi kuliko katika hoja zozote zilizotolewa kwa jina lake. Kwa hiyo nitasoma umbo.

Hoja yake ya mwanzo si ngumu kuieleza. Alitaka ushairi usogee karibu na lugha ambayo watu wanaizungumza kila siku. Anayejua arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, anaelewa mara moja mshale huo umelenga wapi. Tunawafundisha wanafunzi wa sekondari kitu kinachoitwa uhuru wa mshairi: inkisari, neno likifupishwa; mazida, likirefushwa; tabdila, silabi ikibadilishwa; na kuboronga sarufi, mpangilio wa maneno ukipinduliwa. Ruhusa zote hizo zipo kwa ajili ya vina na hesabu. Mshairi wa mapokeo anaruhusiwa kuivunja lugha ili mizani isimame. Kezilahabi alikuja na biashara ya kinyume: mizani ivunjike, lugha isimame. Hivyo ndivyo hoja ilivyo ikielezwa kwa maneno. Shairi lenyewe ni jambo jingine.

Nachukua "Dhamiri Yangu", shairi fupi la Kichomi ambalo pengine limesomwa madarasani kuliko mengine yote ya diwani hiyo. Msemaji anasema dhamiri imemfunga, naye yuko kama mbuzi kwenye mti wa utu. Kamba haimfikishi mbali, duara amekwisha kulichora, majani yaliyo ndani ya duara ameyamaliza, na yaliyo nje anayaona bila kuyafikia. Tazama jinsi mishororo mitatu ya kwanza ilivyokatwa. Wa kwanza umekamilika, una sentensi nzima na nukta yake. Wa pili unaanzisha sentensi ambayo haimaliziki humo. Inavuka hadi wa tatu, inakoma katikati, na kabla mshororo haujafika mwisho inaingia sentensi nyingine kutuarifu kuhusu ufupi wa kamba. Walimu tunaiita mistari ya aina hiyo mishata, na mara nyingi tunaishia hapo: mwanafunzi anataja mishata, anapata alama, anaendelea.

Lakini kituo kile cha katikati ya mshororo wa tatu kinafanya kazi. Katika tarbia kuna kituo cha katikati pia, pale ukwapi unapokabidhi utao. Kinakuja mahali pale pale kila mara, kwa hiyo sikio linakitarajia na kupumzika juu yake. Kezilahabi amekihifadhi kituo cha kati, akakiondolea ratiba. Sasa kinakuja mbuzi anapofika mwisho wa kamba. Msomaji anayesoma kwa sauti anavutwa shingo pale pale mnyama anapovutwa. Msomaji wa tarbia aliyefunzwa vizuri ndiye anayeihisi zaidi kamba hiyo, kwa kuwa sikio lake lina mahali lilipotazamia kupumzika, na hapo halipumziki.

Kisha kuna kibwagizo. Katika mapokeo mshororo wa mwisho wa ubeti hurudiwa, mwimbaji akaanzisha na hadhira ikapokea. "Dhamiri Yangu" haina mshororo unaorudiwa. Ina neno moja tu, kamba, linalotamkwa mara mbili mfululizo kwenye mwisho wa mshororo, na baada ya mishororo kadhaa linafanywa hivyo tena. Hicho ni kibwagizo kilichofupishwa hadi silabi nne. Mshairi amekiacha kidogo kiasi kwamba mwenye kutafuta kibwagizo cha kawaida atapita bila kukiona.

Sasa jambo ambalo sijaona likitiliwa maanani vya kutosha. Katikati ya shairi mbuzi anageuka mbwa. Msemaji, katika harakati za kutaka kuwa huru, anaipiga teke sahani ya mbingu, nayo inazidi kwenda mbali kila anapoigusa kwa mdomo. Na hapo, katika shairi lisilo na mizani hata moja ya kulinda, sarufi inapinduka. Kivumishi kinatangulia jina lake. Kitenzi kinawekwa nyuma ya kile anachokipigania. Baadaye kidogo, mbuzi aliyefunguliwa anapoharibu mashamba, mashamba yanatajwa kwanza na kitenzi kinafuata kwenye mshororo wa chini. Huko ndiko kuboronga sarufi tunakokufundisha kama ruhusa ya mtu aliyebanwa na hesabu. Kezilahabi hakubanwa na hesabu yoyote. Hakuna kina kilichomdai neno hilo liende mwisho. Aliandika hivyo kwa sababu ndivyo ushairi wa Kiswahili ulivyokuwa ukisikika masikioni mwake alipotaka sauti ipande. Sisemi alikusudia kamba ya shairi iwe ni mapokeo. Kamba ni dhamiri, ameiita kwa jina lake. Ninachosema ni kwamba sarufi ya shairi inatenda kile ambacho kisa cha shairi kinasimulia, na inakitenda dhidi ya hoja ya mshairi mwenyewe kuhusu lugha ya kila siku. Sokoni hakuna anayepanga maneno hivyo.

Mwisho wa shairi unakwenda mbali zaidi. Msemaji anatangaza kwamba sasa hataki kamba ikatike, maana mbuzi aliyefunguliwa aliharibu mashamba na mbwa aliyefunguliwa aliuma watu. Kisha anamshukuru aliyemfunga. Lakini anasema ni lazima atamke kwa nguvu kwamba hapo alipofungwa nyasi zimekwisha, na tamko hilo linaiharibu shukrani papo hapo. Hilo ndilo shairi la mtu tuliyeambiwa kwamba alizikata kamba zote.

Ninaandika haya nikiwa Ngaremara, kwenye barabara itokayo mji wa Isiolo kwenda Archer's Post, ambako wakazi wengi ni Waturkana na Kiswahili watoto wanakikuta shuleni na sokoni. Shairi hili likisomwa huku linagusa mahali ambapo pengine Ukerewe haliwezi kugusa. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, katika kisiwa hicho cha Ziwa Viktoria, mwaka 1944. Kisiwani ardhi ni ndogo, shamba linapakana na shamba, na mbuzi hufungwa kwa sababu ya muhogo wa jirani. Huku mbuzi hutoka bomani asubuhi na mchungaji wake na kurudi jioni. Kinachowaongoza ni mluzi, maji, na habari za mahali mvua iliponyesha. Mbuzi aliyefungwa mtini ni mgonjwa, au anangoja mnunuzi, au anangoja kisu. Kwa hiyo duara lililoliwa, ambalo msomaji wa kisiwani analiona kama kero ya kila siku, kwa msomaji wa huku ni jambo la kutisha tangu mshororo wa pili. Yale mashamba yaliyoharibiwa, kwa upande wake, tunayaelewa vizuri sana. Mpakani mwetu na Meru mnyama kuingia shambani hakuishii kwenye methali.

Tofauti hiyo inanirudisha kwenye swali la umbo, kwa sababu ilikuwa sehemu ya ugomvi. Mapokeo ya nani? Mwanamume wa Kiturkana humwimbia dume lake la ng'ombe, akasifu rangi yake na pembe zake, na wenzake wakapokea. Urefu wa kauli hufuata pumzi na hatua za miguu. Vina havihesabiwi. Mtoto aliyekulia katika nyimbo hizo akifundishwa kwamba ushairi ni vina na mizani, kwake arudhi ndiyo jambo jipya, na kile tunachokiita shairi huru kinafanana zaidi na anachokijua. Washairi Mulokozi na Kahigi, wote wawili wa bara, walitetea jambo la namna hiyo katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu: walipanua maana ya ushairi hadi vina na mizani havikuwa tena sharti la kuwapo kwake. Ukiitazama hoja kutoka huku, wanamabadiliko walikuwa wameleta mapokeo mengine mezani, ya zamani vilevile, ambayo hayakuwahi kuandikwa kwa hati za Kiarabu wala kuchapwa Dar es Salaam.

Ningependa hoja hiyo iishe hapo, kwa kuwa inatupendeza sisi watu wa bara. Haiishi. Aliyeziandika sheria za arudhi zikawa kitabu, Kaluta Amri Abedi, na Sheria za Kutunga Mashairi yake ya mwaka 1954, alizaliwa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mbali kabisa na Lamu na Mombasa. Mathias Mnyampala, aliyeisimamisha ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Na miongoni mwa walioanza mapema kuandika mashairi bila vina alikuwamo Ebrahim Hussein, mtu wa pwani ya kusini, aliyezaliwa Kilwa. Watu wa bara walilinda mlango wa pwani, na mtu wa pwani akatokea dirishani. Umbo halirithiwi kwa mahali pa kuzaliwa. Hufunzwa, na aliyejifunza ukubwani mara nyingi hulishika kwa nguvu kuliko aliyezaliwa nalo. Ndiyo maana pia siamini kwamba ule mpinduko wa sarufi katika "Dhamiri Yangu" ulipenya bila mwenyewe kujua. Mwaka 1976, miaka miwili tu baada ya Kichomi, Kezilahabi aliwasilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu yake ya uzamili. Ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Aliyesemwa kuwa adui wa mapokeo alikuwa ameutumia muda huo kumsoma neno kwa neno mtu ambaye wanamapokeo walimwapia.

Kuna mfano wa mbali unaonisaidia kuipima safari hii. China, katika karne ya 16, washairi wenye sauti walishikilia kwamba shairi bora lazima lifuate enzi ya Tang na nathari bora ifuate enzi za Qin na Han. Yuan Hongdao, aliyezaliwa mwaka 1568 huko Gong'an, aliwapinga kwa ukali: kila enzi ina lugha yake, na shairi litoke katika hisia za anayeliandika. Alifariki mwaka 1610, akiwa na umri wa miaka arobaini na ushei tu. Lakini katika miaka yake ya mwisho alikuwa amepunguza ukali, akaona kasoro katika wepesi wa tungo zake za ujanani, akaanza kutafuta utulivu na nidhamu zaidi. Ni njia ambayo waasi wengi wa umbo huipita. Wanavunja wakiwa vijana, kisha polepole wanarudi kuheshimu walichokivunja.

Kezilahabi hakuipita njia hiyo. Alikwenda mbele, na alipokwenda aliigeuza hoja yake kichwa chini. Mwaka 1985 alihitimu uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Swali lake halikuwa tena vina viwepo au visiwepo. Alikuwa akiuliza kama fasihi ina kazi ya kuakisi ulimwengu hata kidogo. Baada ya hapo zikaja riwaya mbili nyembamba, Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, na aliyewahi kusoma Rosa Mistika ya mwaka 1971 huenda akadhani zimeandikwa na mtu mwingine.

Rosa Mistika, ambayo ilipigwa marufuku mashuleni kwa ukweli wake kuhusu maisha ya wasichana, inasimulia kwa mstari: msichana, baba mkali, shule, mji, anguko. Msomaji anajua yuko wapi na ni mwaka wa ngapi wa maisha ya Rosa. Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, kuhusu vijiji vya ujamaa, bado ina vijiji vyenye majina na watu wenye sababu zao. Katika Nagona sababu zimeondolewa. Kuna msafiri anayejiita mimi, kuna mji wa kimya, kuna wazee na vitabu, majina ya wanafalsafa wa Ulaya yanapita, na kila kitu kinaelekea kwenye Ngoma Kuu. Mzingile inaanza kwa kuzaliwa kwa mtoto wa ajabu, kwa namna ya ngano za kando ya moto. Jambo la kushangaza, kwa anayetazama umbo, ni sentensi. Ni fupi. Ni nyepesi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuzisoma moja moja bila kamusi. Ni lugha ile ile ya kila siku ambayo Kezilahabi aliidai mwaka 1974, na hapa, katika nathari, hatimaye ameipata karibu bila mpinduko wowote. Ila sasa wepesi wa sentensi haukufikishi popote, kwa kuwa kinachoziunganisha kimefichwa. Katika Kichomi umbo lilikuwa gumu kwa wanamapokeo ilhali maana ilikuwa wazi kwa yeyote anayemjua mbuzi. Katika Nagona kila sentensi iko wazi, na maana imefungiwa.

Kilichojaza pengo la sababu ni masimulizi ya mdomo: fumbo, ngano, safari ya kwenda kumwuliza mzee, ngoma inayokusanya watu wote. Kwa maana hiyo mapokeo yamerudi, tena kwa wingi, lakini ni mapokeo ambayo kitabu cha Amri Abedi hakikuwa na sura yake. Nadhani hapa ndipo alipoacha kubishana na arudhi. Alikuwa amepata kitu cha zamani zaidi cha kusimama juu yake, na vina vikawa suala la watu wengine.

Kwa upande wa mashairi, faida haikuwa kubwa hivyo. Karibu Ndani ya mwaka 1988 ina tungo zilizokazwa vizuri, na kichwa chake kinamkaribisha msomaji, lakini mara kadhaa nikiingia nakuta fumbo limetangulia kuketi na halina haja nami. Dhifa inarudisha hasira ya kisiasa na kicheko, na ninaifurahia zaidi. Annmarie Drury, aliyechagua na kutafsiri mashairi kutoka diwani hizo kwa kitabu cha Stray Truths kilichotoka Marekani mwaka 2015, amewapa wasomaji wa nje nafasi ya kuyaona pamoja. Yakiwekwa pamoja katika lugha nyingine, hata hivyo, kitu kimoja hakiwezi kuvuka: mvutano na sikio la tarbia. Msomaji wa Chicago hana sikio hilo, kwa hiyo kwake mshororo uliokatwa ni mshororo wa kawaida wa ushairi wa kisasa.

Na madarasani kwetu mvutano huo unazidi kupotea kwa njia nyingine. Tumeugeuza uasi kuwa orodha. Sifa za shairi huru, mwanafunzi anaandika, ni kwamba halina vina, halina mizani, mishororo haitoshani. Shairi linaelezwa kwa visivyokuwamo, kisha tunahamia swali la tano. Anayejibu hivyo kuhusu "Dhamiri Yangu" hatakosa alama, lakini hatakuwa amegusa kituo cha mshororo wa tatu, wala kibwagizo cha neno moja, wala ile sarufi iliyopinduliwa bila mtu kuidai. Hivyo vyote ni vitu vilivyomo.

Kwangu Kichomi bado ndiyo diwani yake bora, na sababu ni hizo hizo. Mwaka 1974 Kezilahabi alikuwa bado na mtu wa kubishana naye, na mtu huyo alikuwa ndani ya sikio lake mwenyewe. Kila mshororo aliouacha bila kina ulikuwa umekatwa karibu na mahali ambapo kina kingekaa, na ukisoma kwa sauti unasikia alipokipita. Kufikia Dhifa mishororo inakatwa kwa ustadi zaidi na kwa woga mdogo zaidi, lakini hakuna kinachoivuta kutoka upande wa pili.